Maswali ya Wasomaji: Wajibu wa Mwajiri kwa Jimbo Lake Nchini Marekani

Barua nyingi tulizojibu katika safu ya toleo hili zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Marekani ambao, baada ya miaka ya kuajiriwa, sasa wameanza kuajiri. Wengi wao wanaifahamu vizuri kodi ya serikali ya shirikisho, kwa sababu waliiona ikikatwa kwenye mishahara yao wenyewe kila wiki mbili. Kinachowakwaza ni jimbo. Jimbo lina sheria zake, ofisi zake na tarehe zake, na halijali sana kampuni imesajiliwa wapi au akaunti yake ya benki iko wapi. Swali lake la kwanza ni kazi inafanyika wapi, na la pili ni mfanyakazi anaishi wapi. Msomaji ataona kwamba majibu yote yaliyo hapa chini, hata yale yanayohusu mambo yasiyofanana, yanarudi kwenye maswali hayo mawili.

Ndugu Mhariri, nimefungua wakala wa kuwahudumia wazee majumbani hapa Columbus, Ohio. Mwanzoni nilifanya kazi na mdogo wangu tu, lakini sasa nimeajiri akina mama wanne. Nimepata namba ya mwajiri kutoka IRS, yaani mamlaka ya kodi ya shirikisho, na wote wamejaza fomu ya W-4 ya makato ya kodi. Rafiki yangu mmoja anasema hiyo inatosha. Mwingine anasema niwape fomu ya 1099, ile ya malipo ya mkandarasi huru, mwisho wa mwaka niepukane na usumbufu wote. Nimsikilize nani? — Mama Mlezi, Columbus

Usimsikilize hata mmoja, dada. Namba ya IRS inakutambulisha kwa serikali ya shirikisho peke yake, na W-4 inahusu kodi ya mapato ya shirikisho peke yake. Kwa Ohio una akaunti tatu za kufungua, na baada ya hapo kuna mji.

Akaunti ya kwanza ni ya Idara ya Kodi ya Ohio, kwa ajili ya kukata kodi ya mapato ya jimbo kwenye mshahara wa kila mfanyakazi. Fomu anayojaza mfanyakazi inaitwa IT 4, na usiipokee kabla ya kuhakikisha kwamba ameandika wilaya ya shule anakoishi, kwa maana Ohio ina wilaya za shule zinazotoza kodi yake ya mapato juu ya ile ya jimbo. Mama anayeishi Pickerington anakatwa kodi hiyo hata kama kazi yake yote iko Columbus, ilhali mwenzake anayeishi ndani ya wilaya ya shule ya Columbus hakatwi. Hapa kinachoamua ni mahali pa kulala, si mahali pa kazi.

Akaunti ya pili ni ya bima ya ukosefu wa ajira, inayosimamiwa na Idara ya Ajira na Huduma za Familia. Wajibu huu unaanza pale unapolipa mishahara ya dola 1,500 au zaidi katika robo moja ya mwaka, au unapokuwa na mfanyakazi hata mmoja katika wiki 20 tofauti ndani ya mwaka. Kwa wafanyakazi wanne utakuwa umeshavuka kiwango hicho. Fedha hizi zinatoka mfukoni mwako wewe mwajiri, na ni marufuku kumkata mfanyakazi. Majimbo ambako mfanyakazi naye huchangia ni matatu tu, nayo ni Alaska, New Jersey na Pennsylvania. Ohio hutoza mchango huo kwenye dola 9,000 za kwanza za mshahara wa kila mtu kwa mwaka, na mwajiri mpya asiye wa sekta ya ujenzi hutozwa asilimia 2.7, yaani dola 243 kwa kila mfanyakazi anayefikia kiwango hicho. Katika kazi ya ulezi, ambako watu huja na kuondoka, hesabu hii inahitaji umakini: mfanyakazi mmoja akiondoka mwezi wa tano na mwingine akachukua nafasi yake, huyo mpya anaanza dola 9,000 zake upya, kwa hiyo nafasi moja ya kazi inaweza kukugharimu michango ya watu wawili. Taarifa ya kila robo mwaka inapaswa kuonyesha mshahara wote wa kila mmoja, hata wa yule aliyekwisha kuvuka dola 9,000.

Akaunti ya tatu ni ya fidia ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Ohio ni mojawapo ya majimbo manne, pamoja na Washington, North Dakota na Wyoming, ambako bima hii hainunuliwi kwenye kampuni binafsi bali kwenye mfuko wa jimbo. Mwaka wa bima hiyo kwa waajiri binafsi unaanzia tarehe 1 Julai, na kila mwaka unatakiwa kuwasilisha mishahara halisi ili malipo ya makadirio yarekebishwe. Mlezi anayemwinua mgonjwa kitandani huumia mgongo upesi kuliko karani, kwa hiyo usiiache akaunti hii iwe ya mwisho.

Sasa tuje kwenye mji. Columbus inatoza asilimia 2.5 kwenye mapato ya kazi inayofanyika ndani ya mipaka yake, na wewe ndiwe wa kuikata na kuiwasilisha. Walezi wako huenda wanahudumia wateja hata katika miji jirani, na sheria ya Ohio inasema kwamba mfanyakazi akifanya kazi siku zisizozidi 20 kwa mwaka katika mji mwingine, kodi inaendelea kwenda kwenye mji wa ofisi yake. Akizidisha, mji ule mwingine unaanza kudai kodi yake. Biashara ambayo mapato yake yote ya mwaka uliotangulia hayakufika dola 500,000 imepewa nafuu, kwani inaruhusiwa kukata kodi ya mji wa ofisi yake tu. Kama umo chini ya kiwango hicho, nafuu hiyo itakuokolea kazi nyingi ya makaratasi, lakini wakala ukikua utalazimika kuanza kuandika kila siku mlezi yupo mji gani.

Kuhusu 1099, hapa ndipo ningeomba usome mara mbili. Mtu hawi mkandarasi huru kwa sababu ya fomu anayopewa mwezi wa kwanza. Anayepangiwa na ofisi yako mteja, saa na kazi ya kufanya, tena kwa malipo ya saa uliyoyapanga wewe, ni mfanyakazi wako, na kwa bima ya ukosefu wa ajira Ohio hupima vigezo 20 vinavyohusu nani anayeongoza kazi. Mambo haya mara nyingi hayagunduliwi na mkaguzi aliyekuja mlangoni. Hugunduliwa mlezi anapoacha kazi, akaenda kuomba mafao, jimbo likatafuta mishahara yake kwenye taarifa zako na lisiione. Ombi la mtu mmoja linatosha kufungua ukaguzi wa wote, pamoja na riba na adhabu za robo zote zilizopita.

Mambo mawili ya kumalizia. Kila unayemwajiri mripoti kwenye orodha ya jimbo ya waajiriwa wapya ndani ya siku 20, ambao ni muda uliowekwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1996, iliyolenga hasa kuwapata wazazi wanaodaiwa matunzo ya watoto. Na huyo mdogo wako, kama unamlipa, ni mfanyakazi kama wengine. Msamaha wa kifamilia katika bima ya ukosefu wa ajira unamhusu mzazi, mume au mke, na mtoto aliye chini ya miaka 18, tena biashara ikiwa ni ya mtu binafsi; ndugu wa kuzaliwa nawe hayumo.

Ninaishi Covington, Kentucky, na ofisi niliyomwajiria karani wangu iko Cincinnati, ng'ambo ya mto. Karani naye anaishi Kentucky. Je, nimkatie kodi ya majimbo yote mawili? — Jirani wa Mto Ohio

Hapana. Ohio ina makubaliano na majimbo matano, ambayo ni Kentucky, Indiana, Michigan, Pennsylvania na West Virginia, kwamba mshahara wa mkazi wa jimbo moja anayefanya kazi katika jingine utatozwa kodi ya mapato na jimbo la makazi tu. Karani wako ajaze tamko la ukaazi wake kwenye IT 4, nawe ulihifadhi, kisha umkatie kodi ya Kentucky.

Makubaliano hayo, hata hivyo, hayagusi kodi ya mji. Cincinnati itaendelea kudai asilimia 1.8 ya mshahara wa kazi inayofanyika ndani yake, na watu wengi hushangaa hapo. Bima ya ukosefu wa ajira nayo inalipwa Ohio, kwa sababu kazi inafanyika Ohio. Ukimruhusu kufanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki, siku hizo si za Cincinnati tena. Lakini miji ya Kentucky, Covington ikiwamo, ina kodi yake ya kazi inayofanyika humo, kwa hiyo siku alizokuwa nyumbani nazo ziandikwe.

Nina malori manne na ofisi yangu iko Dallas. Nilichagua Texas kwa sababu haina kodi ya mapato, na mhasibu aliyenisajilia kampuni aliniambia sina la kufanya na jimbo. Madereva wawili wanaishi Texas, mmoja Indiana na mmoja Tennessee. Je, kila jimbo wanalopita linaweza kunidai? — Mzee wa Malori

Mzee wetu, tuanze na hofu yako, kwa sababu jibu lake ni la kupendeza. Bunge la Marekani lilitunga sheria inayokataza jimbo lolote kutoza kodi ya mapato kwenye mshahara wa dereva wa kampuni ya usafirishaji aliyepangiwa kazi katika majimbo mawili au zaidi, isipokuwa jimbo analoishi. Dereva wako anaweza kuvuka majimbo kumi kwa wiki moja, lakini mwenye haki ya kodi ya mapato ni lile moja la makazi yake. Texas na Tennessee ni miongoni mwa majimbo tisa yasiyotoza kodi ya mapato kwenye mshahara, pamoja na Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Washington na Wyoming, kwa hiyo madereva watatu hawana makato hayo. Anayebaki ni yule wa Indiana. Yeye anadaiwa na jimbo lake, na kama kampuni yako ina shughuli huko, kwa mfano yadi au ofisi ndogo, Indiana itakutaka ujisajili na kumkata. Kama haina, mwambie mapema kwamba atajilipia mwenyewe kwa awamu ndani ya mwaka, asije akashtukia deni mwezi wa nne.

Mhasibu wako, hata hivyo, alikosea kusema huna la kufanya na jimbo. Kutokuwapo kwa kodi ya mapato hakuondoi bima ya ukosefu wa ajira, ambayo katika Texas inasimamiwa na Tume ya Nguvu Kazi. Kiwango cha mshahara kinachotozwa ni dola 9,000 kwa mtu kwa mwaka, na mwajiri mpya hulipa asilimia 2.7 au wastani wa sekta yake, wowote ulio mkubwa. Taarifa na malipo ya kila robo ni kabla ya mwezi unaofuata robo hiyo kwisha, yaani mwisho wa Aprili, Julai, Oktoba na Januari.

Je, madereva wa Indiana na Tennessee wanahesabiwa wapi? Majimbo yote yanafuata mtiririko mmoja wa maswali manne, na kuanzia la pili hadi la nne jimbo linachaguliwa tu kama dereva hufanya sehemu ya kazi yake ndani yake. Kwanza, je, kazi yake iko katika jimbo moja, na ya kwingine ni ya kupita tu? Kwa dereva wa masafa marefu jibu ni hapana. Pili, kituo anachoanzia na kurudia kiko wapi? Tatu, anaongozwa kutoka wapi? Na nne, ikiwa maswali yote hayo hayakutoa jibu, anaishi wapi? Dereva wa Tennessee anayechukulia lori kwenye yadi yako ya Dallas na kulirudisha hapo ni wa Texas, kwa mshahara wake wote. Haugawanywi kwa maili. Lakini yule wa Indiana, kama analilaza lori nyumbani kwake na anaanzia safari zote huko, huenda akahesabiwa Indiana, na hilo ulitatue kabla hujawasilisha taarifa ya robo.

Texas ina jambo moja ambalo wageni hawaliamini: mwajiri binafsi halazimishwi kununua bima ya fidia ya wafanyakazi. Anayeamua kutoinunua anatakiwa kulitaarifu jimbo na kuwaarifu wafanyakazi, na akishtakiwa na dereva aliyeumia anapoteza baadhi ya utetezi muhimu mahakamani. Kwa biashara ya malori, mimi nisingethubutu kukaa bila bima hiyo.

Kiwango changu cha bima ya ukosefu wa ajira kilikuwa asilimia 2.7, na barua ya mwaka huu inasema kimepanda karibu maradufu. Sijachelewa kulipa hata mara moja. Mtu amenishauri nifunge kampuni nifungue nyingine ili nirudi kwenye kiwango cha mwajiri mpya. — Mwenye Mgahawa

Ulikuwa mwajiri mpya, na muda huo umekwisha. Sasa jimbo linakupima kwa historia yako: mafao waliyolipwa watu waliotoka kwako yanaandikwa kwenye akaunti yako, na kadiri yanavyozidi ndivyo kiwango kinavyopanda. Kulipa kwa wakati ni sharti, lakini hakupunguzi mafao hayo. Na aliyeondoka kwako mwaka jana, akaajiriwa kwingine na kupunguzwa huko, anaweza kukuletea gharama wewe, kwani mafao huhesabiwa kwa mishahara ya robo nne za kwanza kati ya tano za mwisho zilizokamilika.

Unachoweza kufanya ni kuzijibu barua za jimbo. Kila mtu anapoomba mafao, mwajiri huandikiwa aeleze sababu ya kuondoka kwake na hupewa siku chache tu za kujibu. Mfanyakazi aliyeacha kazi kwa hiari yake bila sababu ya msingi, au aliyefukuzwa kwa kosa lililothibitika, kwa kawaida hakuandikii gharama, lakini jimbo haliwezi kujua hilo kama barua yake ilibaki juu ya friji ya mgahawa.

Ushauri wa kufunga na kufungua kampuni uukatae kabisa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2004 iliyataka majimbo yote kuzuia mbinu hiyo na kuiwekea adhabu. Biashara ikihama chini ya mwenye yuleyule, historia yake inahama nayo.

Tena, usiudharau mchango huu kwa udogo wake. Wisconsin ilitunga sheria ya kwanza ya bima hii mwaka 1932, na Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 ikayavuta majimbo mengine kwa njia ya werevu: serikali ya shirikisho inatoza mwajiri kodi yake ya ukosefu wa ajira, lakini inamrudishia sehemu kubwa kama amelipa kwenye mfuko wa jimbo. Leo kodi hiyo ni asilimia 6 ya dola 7,000 za kwanza, na anayelipa jimbo kwa wakati anapunguziwa asilimia 5.4. Badala ya dola 420 kwa mfanyakazi analipa 42. Anayechelewesha malipo ya jimbo hupoteza sehemu ya punguzo hilo, na asiyelipa hulipoteza lote. Hata jimbo lenyewe likikopa kwa serikali ya shirikisho na kuchelewa kurudisha, punguzo hushuka. Waajiri wa California walilipa dola 105 kwa kila mfanyakazi badala ya 42 kwa mwaka 2024, kwa deni lililotokana na kipindi cha korona.

Kanisa letu limemwajiri mhudumu wa ofisi na tunamlipa mchungaji posho ya kila mwezi. Si kanisa limesamehewa kodi? — Mzee wa Kanisa

Limesamehewa baadhi. Makanisa na misikiti kwa kawaida hayadaiwi bima ya ukosefu wa ajira, na mashirika ya hisani yamesamehewa ile ya shirikisho. Lakini mhudumu wa ofisi ni mfanyakazi wa kawaida kwa upande wa kodi ya mapato. Kama jimbo lenu lina kodi hiyo, mnawajibika kumkata na kuiwasilisha. Mchungaji hakatwi kwa lazima, bali hujilipia mwenyewe, ingawa anaweza kuomba akatwe. Mkumbushe mhudumu wenu jambo moja ambalo ni haki yake kulijua: kanisa lisilochangia bima humwacha bila mafao siku kazi itakapokwisha.

Nilikata kodi ya jimbo kwenye mishahara kwa robo mbili, lakini biashara iliyumba nikaitumia fedha hiyo kulipia pango. Kampuni yangu ni ya dhima yenye ukomo, kwa hiyo nadhani deni ni la kampuni, si langu. Sikuwasilisha taarifa kwa sababu sikuwa na fedha. — Jina limehifadhiwa

Kwa bahati mbaya, deni hili ni lako pia. Kodi iliyokatwa kwa mfanyakazi ni amana. Haikuwa mali ya kampuni hata siku moja, na kwa sababu hiyo ukomo wa dhima haufanyi kazi hapa. Sheria ya shirikisho inamruhusu mkusanyaji wa kodi kumfuata binafsi yule aliyekuwa na mamlaka ya kulipa akachagua kulipa wengine, na majimbo, Ohio ikiwamo, yana kifungu cha namna hiyo. Anayeweza kufuatwa si mmiliki peke yake. Mtunza hesabu mwenye mamlaka ya kusaini hundi naye yumo hatarini.

Lililo baya zaidi katika barua yako ni zile taarifa ulizozuia. Kutowasilisha ni kosa moja na kutolipa ni jingine, na kila moja lina adhabu yake, kwa hiyo aliyenyamaza hutozwa yote mawili. Wasilisha taarifa za robo zote mbili wiki hii hata kama huna senti. Katika mwezi ambao hukulipa mshahara wowote, kama akaunti bado iko wazi, wasilisha taarifa ya sifuri, la sivyo jimbo litakukadiria deni lenyewe, na makadirio yake huwa makubwa. Baada ya hapo piga simu kwenye idara ya kodi kabla haijakuandikia, uombe mpango wa kulipa kwa awamu. Unapotuma malipo, andika kwamba ni ya kodi iliyokatwa, ya robo fulani, ili yasielekezwe kwenye adhabu kwanza. Na wafanyakazi wako wape W-2 zao, yaani taarifa za mshahara na makato ya mwaka, kabla ya mwisho wa Januari zikionyesha kodi uliyowakata, kwa sababu wao walishaitoa, na hawapaswi kuitoa tena.